Soma Piano na Uimbaji Nyumbani, Ubaki Ulivyo

Mwongozo huu nimewaandikia watu wazima wenye kazi zao, wenye kipato kinachotosha na kusaza, na wenye kinanda sebuleni ambacho kwa sasa kimefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake pameegeshwa picha ya mahafali na maua ya plastiki. Dar es Salaam watu hawa wanaongezeka. Mtu akishamaliza kupaua Goba au Kigamboni, akaweka geti na tanki la maji, ndipo anakumbuka kwamba tangu utotoni alikuwa na kiu ya piano, na kwamba shuleni waliwahi kumwambia ana sauti. Sasa anatafuta mwalimu wa kuja nyumbani. Nia yake ni njema. Kazi yangu ni kumwonyesha namna ya kusoma, kulipa (au kutolipa, tutafika huko), kupokea pongezi za majirani, na mwaka ukiisha awe vilevile alivyokuwa.

Wazazi wanaowatafutia watoto mwalimu wanaweza kuruka moja kwa moja hadi kwenye mitihani. Huko ndiko kwao.

Chombo kwanza

Anza na kununua, maana kununua ndiyo sehemu pekee ya muziki isiyohitaji mazoezi. Piano kamili ina vibonye 88, vyeupe 52 na vyeusi 36, na kila kimoja kina uzito: ukikigusa taratibu kinanong'ona, ukikigonga kinafoka. Hilo ndilo jambo jipya alilolileta Bartolomeo Cristofori kule Florence, Italia, mnamo mwaka 1700 hivi. Wewe usijisumbue na uzito. Nenda Kariakoo ukachukue kinanda cha vibonye 61, vyepesi, chenye midundo isiyohesabika, sauti ya filimbi, sauti ya kwaya ya malaika na, ukibahatika, sauti ya mbwa. Kipimo cha kinanda kizuri ni kimoja tu: je, kinaweza kupiga chenyewe? Muuzaji atabonyeza kitufe na wimbo mzima utatoka, ngoma na magitaa humohumo. Nunua hicho. Wageni wakija, kaa mbele yake na utikise mabega.

Mwenye uwezo mkubwa zaidi anunue piano ya mbao, yenye nyuzi. Ndani yake mna nyuzi zaidi ya 200 zilizokazwa kwenye fremu ya chuma, na nguvu ya mkazo huo kwa jumla hupita tani 15. Chombo kilichobeba mzigo huo kinataka hali ya hewa isiyoyumba, kwa hiyo wewe kiweke karibu na dirisha la upande wa bahari, kiyoyozi ukiwashe usiku na kukizima asubuhi. Mbao zitavimba na kusinyaa, nyuzi zitaota kutu, vinyundo vyake vya sufu vitakula unyevu, na mchwa nao watafanya yao. Fundi wa kutyuni usimwite. Kwa desturi piano hutyuniwa mara moja au mbili kwa mwaka, na kwenye unyevu wa pwani pengine zaidi, lakini piano iliyoachwa ina faida yake: ukikosea, nani atajua?

Ikiwa umepata ya kizee, itazame vibonye vyake vyeupe. Katika karne ya 19 piano nyingi za Marekani zilivikwa pembe za ndovu, na sehemu kubwa ya pembe hizo ilitoka bara, nyuma ya mwambao wetu, hadi Kongo huko. Wapagazi walizibeba mabegani mpaka Bagamoyo, zikavushwa Unguja, zikapakiwa melini kuelekea Connecticut, kwenye viwanda vya Deep River na vya mji wa jirani ambao mpaka leo unaitwa Ivoryton. Njiani walikufa tembo na walikufa watu, na hapo sifanyi mzaha. Ila habari yenyewe mwanafunzi mvivu inamfaa: mtu akimwambia piano ni mambo ya Wazungu, anaweza kujibu kwamba sisi tulishatoa mchango wetu zamani, na mazoezi wadaiwe wao.

Kumpata mwalimu

Walimu wapo. Kuna waliosoma shahada ya muziki Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, kule Usa River. Kuna waliopitia TaSUBa, Bagamoyo. Na kuna waliolelewa na kinanda cha kanisa, waliosukumwa kukaa mbele yake wakiwa bado darasa la sita kwa sababu mpiga kinanda alihamishwa kikazi na Pasaka imefika. Hawa wa mwisho wana masikio ya kuogopwa. Muumini anasimama na kuanzisha pambio kwenye ufunguo anaoujua yeye na Mungu wake, na kabla mstari wa kwanza haujaisha kijana ameshamkamata.

Epuka mwalimu yeyote anayeuliza, "Utafanya mazoezi saa ngapi?" Huyo amekuja kufundisha.

Bei mpunguzie. Mwambie mpo watatu hapo nyumbani, saa moja mtagawana. Mwambie utamtangaza kwa watu wakubwa. Mkumbushe kuwa yeye hafanyi kazi, anapiga tu. Kisha, mkishazoeana, mwombe aje kupiga kwenye send-off ya mdogo wako, bila malipo, aje na kinanda chake na spika. Mwalimu wa hesabu hakuna anayemwita usiku aje kujumlisha michango ya kamati kwa bei ya soda na sahani ya pilau. Wa muziki anaitwa, na akisitasita anaambiwa ana maringo.

Umri wake nao uangalie. Mchague kijana, awe mdogo kuliko mwanao wa kwanza. Hapo ndipo mila zetu zinapomsaidia mwanafunzi kuliko mbinu nyingine yoyote niijuayo. Kijana anaingia, anavua viatu, anasema "Shikamoo mama." Wewe unajibu "Marahaba mwanangu, karibu, umeshakula?" Kuanzia hapo somo limekwisha kuwa lako. Mletee chai ya maziwa na chapati mbili, muulize habari za wazazi, muulize ataoa lini. Saa imebaki nusu. Sasa unaimba, na katikati ya ubeti sauti yako inateleza, kidogo kidogo, hadi kinanda kiko kwake na wewe uko kwako. Mwalimu anaacha kupiga. Anatazama vibonye.

"Mama, hapo... tumeshuka kidogo."

"Nani ameshuka?"

"Wote, mama. Tumeshuka wote."

Kijana aliyekula chapati zako hawezi kusema zaidi ya hapo. Mwanamume mwenye cheo hata chapati hazihitaji. Inatosha akae na miwani puani na simu mbili mezani.

Sauti

Wimbo wa kuanzia uwe mgumu. Chukua wimbo wa Whitney Houston, ule ule uliokuja kichwani mwako sasa hivi. Mwalimu atapendekeza muushushe nota tatu nne ili ukutoshe. Kataa. Akikuomba uanze na kupasha sauti, ile mi-mi-mi na ma-ma-ma ya ngazi kwa ngazi, mwambie hukuja kusoma chekechea. Akikuambia upumue kwa tumbo, mwoneshe ulivyosoma baiolojia: mapafu yako kifuani. Naye anajua yako kifuani; anachotaka ni kiwambo kishuke na mbavu zipanuke, ili pumzi itoke kwa kipimo badala ya kumwagika yote kwenye neno la kwanza. Wewe inua mabega mpaka masikioni, jaza kifua, na uishiwe katikati ya sentensi. Ndivyo mabosi wengi wanavyosoma hotuba, na wanapigiwa makofi.

Dawa ndiyo sehemu tamu. Mwimbaji wa kwetu hajatimia mpaka awe na chupa yake: tangawizi, asali, ndimu, karafuu, pilipili manga, na kwa wenye roho ngumu yai bichi. Nyuzi za sauti ziko ndani ya zoloto, kwenye njia ya hewa, na kila umezapo mwili unaifunga njia hiyo ili chakula kiende kwenye umio. Kwa maneno mengine tangawizi yako haijawahi kuzigusa nyuzi za sauti hata siku moja, na siku itakayozigusa utakohoa mpaka majirani waje. Maji unayokunywa nayo huzifikia baadaye, kwa mzunguko wa mwili. Nyuzi zenyewe ni nyama mbili ndogo, na ukiimba ile la ambayo ala hutyuniwa kwayo, hufunguka na kufumba mara 440 kwa sekunde. Kinachozitunza ni maji ya kutosha siku nzima, usingizi, na kutopiga kelele kwenye mpira wa Simba na Yanga siku moja kabla ya somo. Hakuna hata kimoja kinachoweza kuwekwa kwenye chupa ukakionesha kwa watu, kwa hiyo endelea na tangawizi. Kikohozi kikikupata, kohoa kwa nguvu kusafisha koo: nyuzi zitasuguana, zitavimba, na utakuwa na sababu ya kuahirisha.

Mwalimu akikukanya sigara, mtaje Bi Kidude, aliyevuta na kuimba hadi uzeeni kabisa, akafariki Aprili 2013. Usimtajie kwamba alianza kuimba akiwa mtoto, kwa kumsikiliza Siti binti Saad, na kwamba hakuwahi kuacha.

Nafungua mabano kwa wasomaji wa Unguja na wote waliolelewa na taarabu, maana hao mara nyingine huonewa. Mwalimu akikwambia hukukamata nota, inawezekana umeikamata vizuri sana, isipokuwa iko kati ya vibonye viwili. Piano imegawa oktavu yake katika hatua 12 zilizo sawa, basi. Baadhi ya maqamu za Kiarabu zinataka sauti zilizo katikati ya hatua hizo. Ala ya kanuni inazo, kwa vile vichuma vidogo vinavyobadili urefu wa uzi unaolia, na udi na fidla zinazo kwa sababu kidole kinakaa popote. Piano haina, na hata mwalimu akigonga kibonye mara kumi haitakuwa nayo. Hayo ni ya wachache. Wengi wetu tumeshuka tu.

Mazoezi

Somo ni saa moja kwa wiki. Zinabaki siku sita, na kwenye siku sita hizo ndiko muziki unakoingia mwilini au unakoishia mlangoni. Kwa hiyo ukitaka kubaki ulivyo, zilinde siku sita hizo kwa nguvu zako zote. Dakika 20 kila siku ni hatari. Mtu ameharibikiwa hivyo, akajikuta baada ya miezi michache anapiga. Salama yako ni kukaa kwenye kinanda mara ya kwanza unaposikia mwalimu anagonga geti.

Ikiwa ni lazima ufanye kitu katikati ya wiki, fanya hivi. Anza wimbo mwanzo. Utafika mahali unapokosea, tuseme mstari wa tatu. Usisimame hapo. Usiutoe mstari huo peke yake, mkono mmoja kisha mwingine, polepole mpaka vidole vielewe. Rudi mwanzo kabisa, kwa kasi zaidi, ufike palepale na ukosee vilevile. Ukirudia hivyo mwezi mzima utakuwa na mwanzo unaong'aa na kosa lililokomaa. Für Elise ya Beethoven ilitungwa mwaka 1810 na ikachapishwa 1867, miaka 40 baada ya kifo chake, na mpaka leo sebule za mjini zinajua sehemu ya kwanza tu. Ile ya pili, nota zinapoanza kukimbia, watu hufunika kinanda wakaenda kula.

Vidole navyo. Kwenye skeli ya C mkono wa kulia, gumba linaanza do, cha shahada re, cha kati mi, halafu gumba linapita chini ya kiganja, chini ya kile cha kati, kwenda kuikamata fa. Mpito huo mdogo ndio unaoufanya mkono usiishiwe vidole. Pasipo huo ukifika sol unabaki na kidole kidogo kinachoning'inia na nota tatu hazijapigwa. Mwalimu atakurudisha hapo kila wiki. Wewe rukia tu, inua mkono mzima na uanze upya kwa kidole utakachokiona. Kwa nje inaonekana mbwembwe.

Na kuna kitufe. Wapiga kinanda wa makanisani wanakijua: kile kinachohamisha sauti ya kinanda kizima juu au chini, ili mtu anayejua kupiga kwenye C peke yake aonekane anapiga kwenye funguo zote 12. Ni uvumbuzi wa huruma kubwa. Umewaokoa wengi kwenye ibada, na umewazuia wengi kujua kwamba vibonye vyeusi vina kazi. Piano ya mbao haina kitufe hicho, na ndiyo maana mtu aliyewika kanisani Jumapili anaweza kuiona piano kwenye ukumbi wa hoteli akaenda zake msalani.

Kuhusu nota, kuna ugomvi wa zamani unaoweza kukulipa. Kwaya zetu nyingi zilifundishwa sol-fa, zile d, r, m zenye vituo na nukta, mfumo alioueneza John Curwen Uingereza katika karne ya 19 kutokana na kazi ya mwalimu Sarah Glover, na wamisionari wakauleta huku. Ni mfumo mzuri kwa mwimbaji, maana do inahama na ufunguo na sikio linajua liko wapi. Mpiga piano hawezi kukwepa mistari mitano, kwa kuwa mikono miwili inacheza mambo tofauti kwa wakati mmoja. Mwalimu akija na mistari mitano, wewe dai sol-fa. Akirudi na sol-fa, sema ulitarajia usomeshwe kisasa. Wiki tatu zinapita bila kibonye kuguswa.

Kwa wazazi: mitihani

Mtoto hahitaji kupenda muziki, anahitaji cheti. Bodi ya ABRSM ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1889, ina gredi 1 hadi 8, na kazi yako ni kuuliza kila Ijumaa lini atafika ya nane. Mtihani wake wa kawaida mbele ya mtahini una alama 150: vipande vitatu vya alama 30 kila kimoja, skeli 21, kusoma nota asizoziona kabla 21, na jaribio la masikio 18. Kupita ni 100. Mbinu inayopendwa ni kumkaririsha mtoto vipande vitatu mwaka mzima na kuyaacha yale mengine. Piga hesabu: vipande vitatu, hata avipige kama malaika, ni 90.

Mtoto akilia, mwambie habari za Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 akiitwa Farrokh Bulsara. Sehemu ambapo alisoma piano akiwa bweni kule Panchgani, India, ipite haraka. Isemee zaidi ile ya utajiri. Na wageni wakija, mwamshe mtoto usingizini aje kuwapigia.

Kuahirisha

Hili halina ufundi, lakini wakati wake una ufundi. Ujumbe wa "Mwalimu samahani, leo haitawezekana, nimepata dharura" usiutume asubuhi. Asubuhi mwalimu angeweza kumpa saa hiyo mwanafunzi mwingine. Utume akiwa ameshafika Mwenge, amebeba begi la vitabu, anapatana na bodaboda wa kumleta kwako. Wiki hiyo usiilipie, maana hamkusoma. Mvua ikinyesha usiilipie, umeme ukikatika usiilipie, na mwezi wenye wiki tano ulipie nne. Akikukumbusha ada, mjibu kwa sauti ya mzazi: "Mwanangu, na wewe una haraka, mimi nitakimbilia wapi?"

Ukiyafuata haya yote sawasawa, siku moja mwalimu ataacha kuja, bila ugomvi, kwa heshima zile zile alizoingia nazo. Utawaambia watu walimu wa siku hizi hawaaminiki, na utaanza kuuliza nani anamjua mwingine. Kabla hujampata huyo mwingine, chukua simu, mtumie yule kijana ada yake ya miezi miwili. Weka na ya kutolea.